Moyo Wangu Unaruka, na Mume Wangu Anauliza Umerukia kwa Nani

Mpendwa Bibi Ndimu,

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujaanza kunikaripia, maana nakusoma kila wiki na ulimi wako naujua, na nimekuchagua wewe kwa sababu hiyohiyo, wale wapole wameshanipa pole za kutosha na pole hazijanisaidia kitu. Naomba msaada. Naogopa, na siyo kuogopa kule kwa mdomoni, naogopa hadi nikipewa kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, nashona suti na magauni katika chumba cha mbele cha nyumba tunayokaa, mlango unafungukia barabarani, na mle ndani tuko wawili, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye anatoboa vitundu vya vifungo, anapiga pasi, na anasema. Kusema ndiyo kazi yake kubwa. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu asiye na maneno mengi, na akiitwa kwa mteja, kabla hajagusa bisibisi, huweka sikio ubavuni mwa friji, anafumba macho, watu wote wananyamaza kumsubiri, halafu anasema mota hii imechoka, au mota hii nzima, tatizo liko kwingine, na mara nyingi anapatia. Nilimpenda kwa hilo sikio lake. Gazeti lako huwa nalipata baada yake, kwa sababu ukurasa wa mpira uko mgongoni mwa ukurasa wako, na mpaka amalize mpira wake mimi siwezi kukusoma.

Sasa nianze na ngozi. Tangu nikiwa msichana nina ugonjwa wa ngozi, unanitoka kwenye viwiko, magotini, mgongoni na kichwani, mabaka mazito yaliyokoza rangi, juu yake magamba meupe yanayopukutika, na nikijikuna damu inatoka, mama yangu mzazi alikuwa nao hivyohivyo, na sote wawili tumeitwa kila jina, wenye upele, wachafu, waliolaaniwa, mpaka ukizoea unaitika. Kwa fundi wa suti ni balaa, Bibi Ndimu, kwa sababu suti nyingi ni nyeusi, na mimi nikiinama juu ya kitambaa cheusi asubuhi, mchana nikiinuka kimejaa unga. Nimejifunza kushona na brashi ya nguo mapajani. Nimevaa mikono mirefu wakati wa joto hadi wateja wakadhani ndiyo mtindo wangu, wengine wakaniomba niwashonee vilevile.

Mwaka jana nikampata daktari wa ngozi aliyeniambia jina la ugonjwa huu, soriasisi, akasema siyo uchafu na hauambukizi, ni kinga ya mwili inayoupiga mwili wenyewe, akanipa dawa ya kupaka na ya kumeza, na mimi niliyekuwa nimekata tamaa nikaona viwiko vyangu vinakuwa laini siku hadi siku. Nilitoka nikanunua gauni la mikono mifupi. Mimi, fundi, nikanunua gauni dukani, sikuweza kusubiri kujishonea.

Lakini furaha haikukaa. Miezi ya karibuni moyo wangu umeanza kuruka. Nikuelezee vizuri. Kwenye kazi yetu cherehani ikiwa inakwenda vizuri, halafu ghafla sindano inashuka bila kushika uzi, inaacha pengo, tunasema inaruka, na ndivyo moyo wangu unavyofanya, unakwenda, unakwenda, unaacha pengo, halafu unakimbilia kufidia, mishono mingi kwa pamoja, mirefu na mifupi, haina mpangilio, pumzi inanikata, mikono inalegea, kisha unatulia kama hakukuwa na kitu, na mimi nabaki nimekaa naukodolea macho ukuta nikisubiri uruke tena.

Ningevumilia, wanawake tumezoea kuvumilia, ila siku moja tulikuwa kazini redio imewashwa, kuna daktari anahojiwa, mimi simsikilizi, napachika kola, hadi nikasikia neno soriasisi. Sikuwa nimewahi kulisikia redioni hata mara moja. Nikatoa mguu kwenye pedali. Daktari akasema, "Na wale wenye soriasisi ya muda mrefu, hasa ile kali, tumekuwa tukiona kwamba mapigo ya moyo wao..."

Umeme ukakatika. Redio, taa, pasi ya wifi, vyote kimya.

Wifi akasema, "Afadhali, alikuwa anatuchosha huyo."

Bibi Ndimu, uliporudi umeme redio ilikuwa inapiga muziki. Mimi nimebaki na nusu ya sentensi, na hiyo nusu ninaimalizia mwenyewe kila siku, nikiwa napika naimalizia, nikiwa naoga naimalizia, mapigo ya moyo wao husimama, mapigo ya moyo wao huisha mapema, mapigo ya moyo wao hayana dawa, na kila ninavyoimalizia haiishii pazuri. Halafu nikamkumbuka mama. Mama alikuwa na kauli yake, akiwa anachambua mchele anasimama, anaweka mkono kifuani, anasema, "Moyo wangu unaruka," na sisi watoto tunacheka kwa sababu mama alikuwa mwoga hata wa mjusi, tunamwambia, "Umeona nini tena, mama?" Siku moja tulimkuta amekaa sakafuni jikoni, mdomo umepinda upande, mkono wa kulia umekufa, anataka kutuambia kitu na maneno hayatoki, na hakusema tena mpaka alipofariki. Watu walisema ni mawazo yaliyomzidi. Sasa neno lilelile la mama linatoka kinywani mwangu, kwa sauti ileile, na mimi nalisikia.

Nikaenda zahanati. Mhudumu akaniuliza naumwa nini, nikamwambia moyo wangu unaruka. Akaniuliza, "Umeshtushwa na nini? Kuna msiba nyumbani?" Nikasema hakuna. Akanishika mkono kupima mapigo, na moyo nao kwa unafiki wake ukawa umetulia, akasema, "Basi ni mawazo, mama, punguza mawazo." Akaniuliza kama nina ugonjwa mwingine wowote, nikasema sina. Siku ile nilivaa mikono mirefu. Sijui kwa nini, nilipokuwa natoka nyumbani mkono wenyewe ulikwenda kwenye gauni la zamani. Na daktari wangu wa ngozi, kila nikienda ananiuliza kama kuna tatizo jingine, namjibu mimi mzima kabisa, nakubali kumdanganya kwa sababu naogopa akisikia habari ya moyo ataninyang'anya dawa, na mimi kurudi kwenye ule unga, nisamehe kwa kusema hivi, kuna siku naona heri kufa na viwiko vyangu laini. Wifi alinipa nusu ya kidonge chake cha presha akasema kinatuliza, nikakimeza, na siku nyingine nikameza tena, mara hiyo ya pili chumba kilizunguka hadi nikashika ukuta.

Sasa ndiyo nafika kwenye kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, kujaribu koti. Nimesimama mbele yake nabana koti kifuani, pini nyingine nimezishika kwa midomo kama mafundi wote tunavyofanya, moyo ukaruka. Safari hii haukutulia. Ulikuwa unaruka unakimbia, unaruka unakimbia, macho yakaingia giza pembeni, nikavuta pumzi kwa nguvu, na nikasikia pini moja inatembea juu ya ulimi kwenda kooni. Sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe, hata siku ya kujifungua. Nikazitema zote kiganjani, nikashika kifua, jasho linanitiririka, masikini mwalimu wa watu akanishika kiwiko nisianguke. Na hapo ndipo mume wangu alipoingia, mtungi wa gesi ya friji begani.

Wifi akauliza, "Wifi, kuna nini?"

Nikasema, "Hamna kitu. Moyo umeruka tu."

Mume wangu akaushusha mtungi taratibu. Akaniangalia mimi, akamwangalia mwalimu, akauangalia mkono wa mwalimu ulipo, juu ya kiwiko changu kilicho wazi, maana siku ile nilivaa lile gauni la dukani. Akasema, "Umeruka? Umerukia kwa nani?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu, na kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ndiyo jibu. Baadaye aliniambia, polepole, bila kugomba, na bora angegomba, "Tangu upone ngozi umekuwa mtu mwingine. Nilidhani unapona kwa ajili yetu." Tangu siku hiyo ananijibu "haya" na "sawa" tu. Wifi badala ya kuzima moto anaupuliza, nilimsikia akimwambia, "Kaka, mimi sikuona kitu, lakini sisemi kwamba hakikuwepo." Nikimwambia mume wangu kwamba ni ugonjwa, ataona nimetunga ugonjwa wa kufunikia. Nikimwambia daktari wa ngozi, dawa inaondoka. Nikinyamaza, namwona mama sakafuni.

Nifanyeje? Na tafadhali, wewe uko gazetini, unajuana na watu, niulizie: ile sentensi ya redioni, inaishaje?

Namba ya simu ya hapa kazini nimeandika nyuma ya bahasha, lakini usipige, wifi ndiye hupokea.

Ni mimi,
Fundi wa Suti Nyeusi

*

Fundi wa Suti Nyeusi,

Umesema nisipige. Nimepiga.

Ukurasa huu hutoka mara moja kwa wiki, na moyo wako haujui ratiba ya gazeti. Nilipomaliza kusoma habari ya pini, nilichukua simu kabla sijafikiri. Hakupokea wifi, alipokea mwanamume. Sasa mimi, Mungu kanijalia sauti nzito, kwenye simu watu huniita kaka tangu nikiwa na miaka ishirini, na sijawahi kuona hasara yake mpaka juzi. Nikasema, "Namtafuta fundi, ni haraka, ni mambo ya moyo wake." Akasema, "Kumbe ndiyo wewe." Akakata. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo nimekutilia kuni kwenye moto uliokuwa unawaka, na ninakuomba radhi mbele ya wasomaji wote. Hata mimi mwenye umri huu nimenaswa na neno, kama ulivyonaswa wewe. Ndiyo maana majibu yako yametangulia barua za wenzako wote wiki hii, na wenye ugomvi wa mashamba watanisubiri.

Kwanza sentensi yako. Nilikwenda kwa daktari wa moyo, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wake mpaka zamu yangu ikafika, nikamwambia siumwi, nataka animalizie sentensi. Alicheka, kisha akaimalizia. Sikiliza: "Na wale wenye soriasisi ya muda mrefu, hasa ile kali, tumekuwa tukiona kwamba mapigo ya moyo wao yana uwezekano mkubwa kidogo wa kupoteza mpangilio kuliko ya watu wengine." Nukta. Hakuna kusimama pale, hakuna kuisha mapema, hakuna kukosa dawa. Hayo uliyatia wewe gizani, umeme ulipokatika.

Nikamuuliza ngozi na moyo vimekutana wapi. Akaniambia ule ugonjwa unaouona kwenye kiwiko haukai kwenye kiwiko peke yake. Ngozi inavimba na kuwaka kwa nje, lakini kuna mwako unaopita mwilini pamoja na damu, na moyo nao hupitiwa na damu hiyohiyo. Kwa baadhi ya watu, miaka ikienda, mwako huo unaweza kuusumbua moyo, ukaanza kupiga ovyo. Akasisitiza, nami nasisitiza: wengi wenye soriasisi hawapati tatizo hilo. Na moyo unaoruka si lazima uwe na hilo. Huenda ni upungufu wa damu, huenda ni tezi ya shingo, huenda ni kitu kidogo, huenda ni hofu yenyewe. Hajui yeye, sijui mimi, hujui wewe, na wifi yako ndiye hajui kabisa. Kinachojua ni kipimo.

Sasa nikuambie la kuogopesha, kwa sababu umeshaogopa, na afadhali uogope kitu cha kweli kuliko vivuli. Moyo ukipiga ovyo kwa muda bila kutibiwa, damu inaweza kutuama mle ndani, ikaganda, na bonge likasafiri hadi kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi. Lakini ukigunduliwa mapema kuna dawa za kuzuia damu kuganda na za kuutuliza moyo, na watu wanazimeza wanaendelea na kazi zao. Kuhusu mama yako, usinitake nikujibu. Marehemu hapimwi kwa barua, na wewe na ndugu zako mlicheka kwa kuwa mlikuwa watoto mnaomsikia mama yenu. Mlilie kwa heshima yake, ila usimzike mara ya pili ndani ya kifua chako.

Nimemaliza kubembeleza. Sasa kaa sawa.

Wewe ni fundi wa namna gani unayewakatia madaktari wako vipande? Wa ngozi umempa mkono, wa zahanati umempa mgongo, na hakuna aliyeliona koti zima. Ukaingia zahanati na mikono mirefu ukasema huna ugonjwa mwingine. Huna? Na ule unga kwenye suti za watu ulikuwa wa maandazi? Mhudumu yule alikosea kukurudisha haraka, sawa, lakini ulimpa nusu ya habari, na nusu ya habari wewe mwenyewe umeona ilivyokutesa.

Tena umemeza vidonge vya mtu. Dada yangu, kidonge cha presha cha wifi kimeandikwa kwa ajili ya presha ya wifi. Ungeanguka na mkasi mkononi tungesema nini? Usikiguse tena, na daktari umwambie kwamba ulikimeza, usione haya.

Lakini kosa kubwa lenu wote ni neno moja. Mafundi wa cherehani mkisema kitu kinaruka, mnaona pengo kwenye mshono. Sisi wengine tukisikia moyo umeruka, tunaona mtu aliyeshtuka au mtu aliyependa. Mhudumu akasikia mshtuko, akatafuta msiba. Mumeo akasikia mapenzi, akamtafuta mwanamume, na wa karibu alikuwa mwalimu. Wewe peke yako ulikuwa unasikia cherehani. Kwa hiyo kuanzia leo neno kuruka liache mezani pako na mashine zako. Ukifika kwa daktari useme hivi, na usipunguze hata tone: "Mapigo ya moyo wangu yanapoteza mpangilio, yanakuja na kuondoka, yakija pumzi inakata na nataka kuzimia. Nina soriasisi ya miaka mingi, natumia dawa hizi. Naomba nipimwe umeme wa moyo." Hizo dawa uzibebe kwenye mfuko uzimwage mbele yake. Na uvae lile gauni la mikono mifupi. Kiwiko chako ni sehemu ya maelezo.

Kipimo kinaweza kuukuta moyo umetulia, ule unafiki wake umeuona. Wakikwambia hamna kitu, usishukuru ukaondoka. Uliza kama wana kifaa cha kuvaa kifuani, unakwenda nacho nyumbani, kinausikiliza moyo mchana kutwa na usiku. Kama hawana, uliza nani anacho.

Habari ya kunyang'anywa dawa ya ngozi: nenda kwa daktari wako kabla ya siku uliyopangiwa, umwambie ukweli. Huenda akaibadilisha. Huenda akaiacha ilivyo. Huenda akakuambia kwamba kuutuliza ule mwako wa ngozi ni vizuri kwa mwili mzima. Huwezi kujua, kwa sababu hujauliza, na swali hilo umelifuga miezi mizima kama kuku asiyetaga. Wala usiiache dawa mwenyewe kwa hofu, hilo nalo ni la daktari kuamua. Na ile kauli yako ya heri kufa na viwiko laini, nimeisoma mara mbili. Nimeelewa ilikotoka. Mtu aliyeitwa mchafu tangu utotoni akionja kuwa safi, hataki kurudi. Lakini viwiko hivyo una watoto watatu wa kuwakumbatia navyo, hata vikirudi kuwa na unga. Wao hawajawahi kuulalamikia.

Pini mdomoni, marufuku. Shona kimto, ukifunge mkononi. Na tangu leo, ukisikia maumivu ya kifua, ukizimia, ukikosa pumzi, uso ukipinda, mkono au mguu upande mmoja ukilegea, maneno yakikukwama, hakuna kusubiri kutulia wala kumwita wifi kwanza, ni hospitali, dharura, muda huohuo. Wafundishe na watoto dalili hizo. Nyinyi hamkufundishwa.

Wifi, najua unasoma. Ulisema hukuona kitu lakini husemi kwamba hakikuwepo. Ulisimama na pasi mkononi, ukamwona mwenzako anatokwa jasho na kutema pini, na hukuona kitu? Basi nenda kwa kaka yako, umweleze hizo pini. Maneno ya kumpa hujawahi kupungukiwa.

Sasa wewe, bwana fundi friji. Mkeo amesema ukurasa wa mpira uko mgongoni mwa huu. Umeshamaliza mpira, geuza. Ndiyo, hapahapa.

Yule aliyepiga simu ni mimi. Ni bibi mwenye wajukuu na sauti mbaya. Mambo ya moyo niliyotaja ni ya daktari. Sikulaumu, maana nimeiona picha ulivyoiona wewe: mke amepona ngozi, amevaa gauni jipya, kiwiko chake kimeshikwa na mtu, na mdomo wake mwenyewe unasema moyo umeruka. Mtu mwingine angevunja kiti. Wewe uliweka mtungi chini taratibu, na kwa hilo nakupa heshima yako. Lakini kuna jambo moja ulilofanya ambalo hujawahi kulifanyia friji ya mtu yeyote. Ulisema ugonjwa kabla ya kusikiliza.

Umeuliza moyo wake umerukia kwa nani. Usimuulize mdomo, mdomo umeshawachanganya. Leo hii mkalishe kwenye kiti chake cha kazi. Zima redio. Mwambie dada yako anyamaze, najua ni kazi, jaribu. Weka sikio lako kifuani mwake, palepale unapodhani kuna mtu, ufumbe macho kama unavyofanya kwa wateja, na usiwe na haraka. Ukisikia umetulia, mpeleke hospitali hivyohivyo, kwa sababu wewe kuliko mimi unazijua mota zinazotulia fundi akifika. Ukisikia unapiga ovyo, mpeleke mbio.

Na usikilize vizuri, bwana. Humo ndani hakuna mwanamume. Yumo mkeo peke yake, na anaogopa.

Bibi Ndimu